Kidonge kimoja hakionekani, vidonda vinaongezeka, na mkuu wa uuguzi ni mimi

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi wa RN (muuguzi aliyesajiliwa), mzaliwa wa Mombasa, na nina miaka 11 hapa Massachusetts. Miezi minne iliyopita nilipandishwa kutoka msimamizi wa upande mmoja hadi mkurugenzi wa uuguzi wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Vitanda ni 96, wakazi 88, pande tatu. Aliyenitangulia aliondoka bila kunikabidhi hata faili moja.

Kila wikendi simu huanza saa kumi na moja alfajiri: "Leo siji." Nakosa CNA (wasaidizi wa uuguzi) wawili, watatu, mara nyingi upande wa mashariki, wenye wazee 30, na tisa kati yao hawawezi kujigeuza kitandani. Naita watu wa wakala wa kukodisha wahudumu. Wakikosekana, naingia mwenyewe. Tangu nipewe cheo nashika toroli la dawa karibu mara tatu kwa wiki. Meneja mkuu naye anasema bili ya wakala imemchosha, niikate nusu.

Nilipoanza, vidonda vya kulalia vilikuwa viwili. Katika miezi miwili vimeongezeka sita, vinne vikiwa upande huo huo wa mashariki. Karibu vyote tumevigundua Jumatatu au Jumanne. Niliwapa CNA watatu wa Jumatatu barua za onyo kwa kutogeuza wazee. Mmoja ameacha kazi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Jumanne usiku hesabu ya oxycodone, dawa kali ya maumivu, ya mzee mmoja ilipungua kidonge kimoja cha miligramu 5. Asubuhi nikakuta mstari umeongezwa daftarini: "kilianguka, kimetupwa", na sahihi moja tu. Mwenye sahihi ni dada wa kwetu. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Logan nilipoingia nchi hii, nikalala kwake miezi miwili. Leo ni Jumapili na sijamwambia mtu.

Isitoshe, nusu ya zamu ya usiku ni Waswahili wenzangu, na wengine wanalalamika kwamba tunaongea Kiswahili na kwamba nawapendelea kwenye ratiba. Wakaguzi wa jimbo walikuja miezi 11 iliyopita, kwa hiyo wako njiani. Simu yangu haizimwi, mfukoni nina seti ya akiba ya funguo za dawa, na mwanangu wa miaka sita aliniuliza juzi kama bado naishi nyumbani. Nianzie wapi?

Nesi Asiyelala, Massachusetts

*

Marahaba mwanangu,

Umeyapanga mambo yako kwa jinsi yanavyokuuma. Hebu tuyapange kwa saa. Lipo moja ambalo saa zake zimeshapita, nalo ni kidonge.

Dawa ya mkazi ni mali yake. Ikitoweka bila maelezo yanayoshikika, kanuni za serikali kuu huihesabu kuwa tuhuma ya kutwaa mali ya mkazi, na tuhuma hiyo hupelekwa kwa idara ya afya ya jimbo ndani ya saa 24. Kama kungekuwa na ukatili au jeraha kubwa la mwili, ungekuwa na saa 2 tu. Matokeo ya uchunguzi hufuata ndani ya siku 5 za kazi. Wewe umekaa tangu Jumatano asubuhi. Ripoti leo, uandike saa uliyojua na saa unayoripoti, zote mbili kama zilivyo. Kuchelewa kutaandikwa kama kosa la nyumba. Kurudisha tarehe nyuma kutakufikisha mbele ya bodi ya leseni. Mficha uchi hazai.

Wapigie leo hii meneja mkuu na mfamasia mshauri, na uombe uchunguzi uongozwe na mtu mwingine. Sababu ni mbili. Ya kwanza unaijua: mshukiwa ni mwenyeji wako. Ya pili hukuiona ulipokuwa ukiandika: una seti ya akiba ya funguo mfukoni, kwa hiyo na wewe umo katika orodha ya watu walioweza kufungua droo ile. Ukijichunguza mwenyewe, hata ukweli wako hautaaminika.

Kisha mwone mzee mwenyewe. Je, alipata dozi yake usiku ule? Maumivu yake yalikuwa kiasi gani saa nane za usiku, na nani aliandika? Daktari na familia waambiwe, na kidonge kirudishwe kwa gharama ya nyumba, si yake. Katika kesi nyingi za namna hii watu hushughulika na karatasi hadi wanamsahau aliyelala na maumivu.

Kwenye ushahidi, chukua karatasi halisi ya hesabu, toa nakala, uifungie. Chukua na kadi ya vidonge uigeuze nyuma kwenye mwanga. Tazama kila tundu kama karatasi ya bati imepasuliwa na kubandikwa utepe, na kama kidonge kilichomo kina umbo na alama sawa na vingine. Wote waliokuwa zamu mbili zile waandike maelezo, kila mmoja peke yake. Dada yenu aondolewe kwenye toroli hadi uchunguzi uishe, kwa utaratibu ule ule ambao angewekewa mtu wa taifa lolote. Halafu rudini nyuma siku 30 mkilinganisha vitu vitatu: daftari la hesabu, rekodi ya dawa zilizotolewa, na alama za maumivu. Mnatafuta vidonge vilivyotolewa kwenye kadi lakini havikuandikwa kwamba mzee amepewa, dawa za "akihitaji" zinazopanda katika zamu za mtu mmoja tu, hasa kwa wazee wenye kusahau ambao hawawezi kusema kama wamepewa, na neno "kilianguka" kujirudia.

Inawezekana kabisa kidonge kilianguka kweli. Vidonge huanguka. Basi kosa litabaki ni la kutupa bila shahidi: dawa inayodhibitiwa ikiharibika, wauguzi wawili wenye leseni huiona ikiharibiwa na kutia sahihi pale pale, si asubuhi yake. Hilo linarekebishika. Lakini usimpigie simu usiku kumtahadharisha. Wema wake utaulipa siku nyingine na kwa mkono mwingine.

Kuanzia zamu ijayo, anayetoka ndiye asome namba za daftari na anayeingia ndiye aangalie vidonge kwa macho yake. Kosa la kawaida ni mmoja kusoma na kuangalia huku mwenzake akitia sahihi tu na koti halijavuliwa. Na kabla ya kuhesabu vidonge, hesabuni kadi. Kadi nzima ikiondoka pamoja na karatasi yake, hesabu ya vidonge vilivyobaki itakuwa sawasawa kabisa na hakuna atakayejua.

Sasa tuje kwenye vidonda, kwa sababu hapo ndipo ufunguo wa mambo yako mengine ulipo.

Umesema vinaonekana Jumatatu na Jumanne. Je, vilikuwa vya zambarau au rangi ya damu iliyovilia, kwenye kitokono au kisigino, ngozi ikiwa haijapasuka? Hilo ni jeraha la tishu za ndani. Huanzia ndani, nyama inapokutana na mfupa, likajitokeza juu ya ngozi saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo uliolisababisha. Hesabu kurudi nyuma: kilichoonekana Jumatatu asubuhi kilianza kati ya Ijumaa na Jumamosi, cha Jumanne kilianza Jumamosi au Jumapili. CNA wa Jumatatu uliowaandikia barua ndio waliokiona na kukisema. Umewaadhibu waliopiga kengele. Zipitie upya barua hizo na idara ya wafanyakazi, na yule aliyeacha kazi mpigie simu umsikilize. Usibishane naye. Atakueleza Jumamosi zenu zilivyo kuliko ripoti yoyote.

Tupige hesabu ya Jumamosi. Wazee tisa wa kugeuzwa kila baada ya saa 2 ni mizunguko 4 katika zamu ya saa 8. Kumgeuza, kumbadilisha na kumpanga vizuri kwa watu wawili tuseme ni dakika 10. Tisa mara 4 mara dakika 10 ni saa 6, na kwa kuwa ni watu wawili, ni saa 12 za kazi. CNA wakiwa wanne upande ule, ukitoa mapumziko ya nusu saa kila mmoja, wana saa 30 baina yao, kwa hiyo inawezekana. Wakiwa wawili wana saa 15. Zinabaki saa 3 za kulisha, kuogesha, kupeleka chooni na kuitikia kengele za wazee 30. Hakuna barua ya onyo inayoweza kuibadilisha hesabu hiyo. Wanachofanya watu waliobanwa hivyo kinajulikana: wanageuza wale wanaolalamika, kisha saa nane na nusu wanajaza visanduku vyote vya karatasi ya kugeuzia kwa kalamu moja. Ukitaka kujua, chukua karatasi tatu za Jumamosi zilizopita uangalie kama mwandiko wa saa mbili na wa saa nane una haraka ile ile.

Mtu wa wakala hata akifika hamjui mzee. Hajui kwamba mama wa chumba cha mwisho hukubali kulala ubavu wa kushoto tu akiwekewa mto magotini. Kwa hiyo wikendi wagawe upya: CNA wako wa kudumu wabaki na wale wazee tisa bila kuhamishwa, na wa wakala wapewe wanaoweza kujigeuza. Nyumba nyingi hufanya kinyume, mgeni anapewa wazito kwa sababu wenyeji ndio waliotangulia kuchagua. Usiwaweke watu wawili wa wakala upande mmoja kama unaweza kuwatawanya. Na kila mmoja apewe karatasi ya ukurasa mmoja akiingia: nani hugeuzwa na watu wangapi, nani hula chakula kilichosagwa, nani yuko katika hatari ya kuanguka, nani hatakiwi kupewa maji mepesi yasiyokolezwa.

Kuna na mambo madogo yanayoharibu kazi hata watu wakitosha. Godoro la hewa lina pampu yenye kipimo cha uzito. Zunguka leo uone ngapi zimewekwa mwisho kabisa, gumu kama meza. Juu ya godoro hilo shuka moja na pedi moja zinatosha. Ukikuta shuka tatu na nepi mbili, godoro limeshapoteza maana. Kichwa cha kitanda kikizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu, mzee huteleza chini na ngozi ya kitokono huvutika hadi mishipa ya damu inabanwa. Msihesabu hiyo kama kumkalisha vizuri. Visigino vielee hewani, mto uwekwe chini ya vigimbi, si chini ya visigino vyenyewe. Mto wa duara wenye tundu katikati utupwe, hukata damu pembeni mwa kidonda. Mpangaji wa chakula naye aitwe siku ile ile kidonda kinapogunduliwa, na uzito uangaliwe: kupungua asilimia 5 kwa mwezi 1, asilimia 7.5 kwa miezi 3, au asilimia 10 kwa miezi 6 ni dalili kwamba tatizo halikuanzia kwenye ngozi.

Wafundishe pia macho ya ngozi nyeusi. Hatua ya kwanza ya kidonda kwenye ngozi yetu haionyeshi wekundu ulioandikwa vitabuni. Gusa kwa nyuma ya vidole: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au kama ugali laini, au mzee anashtuka ukipagusa. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tunaohudumia hapa wengi ni weusi, na bado tunatafuta wekundu.

Kipimo cha Braden, cha hatari ya kupata vidonda, kifanywe mzee anapoingia, kisha kila wiki kwa wiki 4, kisha kila robo mwaka na hali inapobadilika. Alama 18 kushuka chini ni hatari. Lakini alama isiyobadilisha kitu kitandani ni wino tu. Mzee anaporudi kutoka hospitali, wauguzi wawili wamvue na kumtazama mwili mzima kabla zamu haijaisha, visigino na nyuma ya masikio vikiwemo (mipira ya oksijeni hukata pale). Kidonda alichokuja nacho kisipoandikwa siku hiyo, keshokutwa kitahesabiwa ni chenu. Vipimo vya kidonda, urefu, upana na kina kwa sentimita, vichukuliwe siku moja maalumu kila wiki na muuguzi yule yule. Wakibadilika wapimaji, kidonda kitaonekana kinakua na kupona kwa zamu.

Kwa hiyo, mwanangu, vidonda vyako vinazaliwa kwenye ratiba. Na ratiba hukupata nafasi ya kuitazama kwa kuwa ulikuwa na toroli mkononi. Kanuni ya serikali kuu inamruhusu mkurugenzi wa uuguzi kuwa pia muuguzi msimamizi wa zamu pale tu ambapo wastani wa wakazi ni 60 au pungufu. Ninyi mko 88. Siku unayoziba pengo ukiwa ndiye RN pekee wa kusimamia zamu, umeingia kwenye katazo, mbali na uchovu wako. Meneja mkuu asikie hilo kwa maneno hayo hayo.

Massachusetts inadai saa 3.58 za uuguzi kwa mkazi kwa siku, na angalau 0.508 kati ya hizo ziwe za RN. Zile saa 3.48 za serikali kuu za mwaka 2024, ambazo watu bado wanazitaja mikutanoni, mahakama ya Texas ilizifuta Aprili 2025. Zisikuchanganye, hii ya jimbo inasimama peke yake. Kwa wakazi 88 unahitaji saa 315 kwa siku. Zamu moja, ukitoa nusu saa ya chakula, huhesabiwa saa 7.5, kwa hiyo ni zamu 42: kwa mfano CNA 12 asubuhi, 11 jioni, 7 usiku, na wauguzi wenye leseni 5, 4 na 3. Kati ya wauguzi hao 12, 6 wawe RN. 6 mara 7.5 ni saa 45, na unadaiwa 44.7. Unaona jinsi ilivyobana? Hiyo ni ratiba ambayo haijaumwa hata mafua. Wakikosekana CNA watatu Jumamosi bila kuzibwa, unabaki na saa 292.5, yaani 3.32 kwa mkazi. Ratiba inayogusa kipimo tu imeshashindwa kabla simu ya kwanza haijalia. Panga zamu mbili tatu zaidi za wikendi kwa makusudi, kama mama anayepika akijua wageni watakuja.

Kisha tafuta sababu ya zile simu. Chukua wiki 8 zilizopita, uandike kwa kila kukosa: jina, siku, zamu, na alipiga simu saa ngapi kabla. Utaona makundi. Wapo wenye kazi ya pili ambao ratiba yako iliwafikia imechelewa kuliko ya kule. Dawa yao ni ratiba ya wiki 4 kubandikwa wiki 2 kabla haijaanza, na kutoigusa bila kuwauliza. Wapo waliofanya zamu mbili mfululizo Ijumaa, saa 16, wakaangukia kitandani. Hao wewe ndiye uliyewachosha. Na wapo wajanja. Kama nyumba inatoa bonasi kwa anayechukua zamu ya dharura, angalia nani hukosa Jumamosi yake halafu akachukua Jumapili yenye bonasi. Hiyo si hila kubwa, mmeiandika wenyewe kwenye karatasi ya malipo. Bonasi ipewe aliyemaliza zamu zake zote za wiki ile kwanza.

Angalizo moja kabla hujakunja uso. Sheria ya jimbo humpa mfanyakazi saa 1 ya ugonjwa kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka, na huwezi kumwadhibu kwa kuzitumia wala kumlazimisha atafute wa kumshikia. Ule mtindo wa "umekosa wikendi hii utailipa ijayo", uliozoeleka katika nyumba nyingi, usiuweke kabla mwanasheria hajauona.

Lililofanya kazi zaidi katika nyumba za aina yenu ni nafasi za wikendi tupu: zamu 2 ndefu za Jumamosi na Jumapili, kwa malipo ya juu ya saa. Wengi wa CNA wetu wanasoma uuguzi katikati ya wiki. Wanazitafuta nafasi hizo kama dhahabu. Nne zinatosha kuanzia, mbili zikiwa za mashariki. Hapo ndipo utakapomjibu meneja mkuu. Usimwambie haiwezekani kukata bili ya wakala. Mpelekee bili za wiki 8, umwonyeshe asilimia ngapi ni za wikendi, uweke pembeni gharama ya nafasi nne za kudumu, na chini yake idadi ya vidonda sita. Mkumbushe pia kwamba tangu 2022 nyota ambazo serikali huzipa nyumba za wazee kwa ubora wao huhesabu wafanyakazi wa wikendi na kasi ya watu kuacha kazi, na kwamba siku 4 tu bila saa za RN katika robo mwaka huishusha nyumba hadi nyota moja ya wafanyakazi. Wakuu wa nyumba husoma nyota kabla ya kusoma kitu kingine.

Wakaguzi? Ukaguzi hauzidi miezi 15 tangu uliopita, kwa hiyo chukulia kwamba wanakuja kesho. Wakikuta kidonda na upungufu wa watu, huviunganisha wakaandika makosa mawili. Kinachosaidia ni kuwa mmeshalikuta tatizo wenyewe: kamati ya ubora ikutane wiki hii, si kungoja robo mwaka, iandike chanzo, hatua, nani, na tarehe, kisha muanze kupima. Kosa mlilolirekebisha kabla hawajafika, na ushahidi upo kwamba mmekaa sawa, laweza kuandikwa kama kosa lililopita. Kuna tofauti kubwa baina ya hilo na kukutwa.

Kiswahili hakihitaji mkutano mrefu. Mbele ya mkazi, kitandani mwake na mezani anapokula, iongewe lugha anayoielewa. Mzee akisikia asichokielewa huku akivuliwa nguo hudhani anasemwa. Makabidhiano ya zamu ni kwa Kiingereza. Mapumzikoni kila mtu na lugha yake, na usithubutu kuandika amri ya Kiingereza pekee saa zote, itakupeleka kwenye madai ya ubaguzi. Kuhusu upendeleo, usijitetee. Bandika sikukuu za mwaka mzima zikiwa zimegawanywa kwa kura mbele ya watu wa zamu zote, na mgao wa mapumziko uwe wazi kila mtu ausome. Wiki mbili za kwanza baadhi ya watu wa kwetu watakununia. Wacha wanune.

Na simu yako: una wasimamizi wa pande tatu na, bila shaka, muuguzi wa mafunzo. Hao wanne na wewe mshike simu ya usiku wiki moja moja. Muuguzi mwenye zamu awe na karatasi inayosema lipi la kupigiwa saa hiyo hiyo (kuanguka kwenye kuumia, tuhuma ya ukatili, hesabu ya dawa isiyolingana, mkazi asiyeonekana) na lipi lingoje saa moja asubuhi. Mara moja kwa mwezi nenda Jumamosi bila kusema, saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa huna toroli. Tazama tu, na hesabu pampu za magodoro.

Funguo zilizo mfukoni zirudishe leo, kabla ya kuripoti. Nenda na msimamizi wa zamu, hesabuni kadi na vidonge vya toroli lile pamoja, mtie sahihi wote wawili na saa, kisha seti hiyo ifungiwe mahali ambapo kuitoa kunahitaji watu wawili. Halafu piga zile simu mbili.